Maswali ya Wasomaji: Profesa wa Hospitali ni Bingwa wa Nini?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie juu ya madaktari wanaofundisha katika vyuo vya udaktari hapa Uganda: wanatibu nini, wanatafiti nini, na mgonjwa wa kawaida anawafikiaje. Tumechagua barua tano. Majina ya waliotuandikia tumeyaacha kwa sababu wengi wametaja maradhi ya jamaa zao, na hospitali zilizolalamikiwa nazo hatukuzitaja.

Assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na mmoja. Tangu mwaka jana analalamika maumivu ya viungo, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na siku hizi akipanda kilima cha shuleni huchuchumaa njiani ili apate pumzi. Katika hospitali ya rufaa tulikaa kwenye foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, mbele ya mlango ulioandikwa "Profesa". Alimsikiliza mtoto kifuani kwa dakika mbili, akaandika karatasi, akasema: "Mama, mimi ni mtu wa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Huyu mpeleke kwa watu wa moyo, na mwende leo." Huko tukapokewa na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Ni profesa gani huyo asiyejua moyo? — Mama, Bombo

Wa alaykum salaam, mama. Foleni ya kutwa nzima na mtoto mgonjwa haina wa kuitetea, nami sitajaribu. Lakini zile dakika mbili huenda ndizo zilizokuwa na faida kuliko zote mlizozitumia siku hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Neno "profesa" ni cheo cha chuo, nalo neno "bingwa" ni la wodini. Katika chuo mtu huanza kama mhadhiri msaidizi, akawa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na mwishowe profesa, na kinachompandisha ni kufundisha, kusimamia wanafunzi na kuchapisha utafiti. Ubingwa hupatikana kwa njia nyingine: daktari aliyekwisha kuhitimu hurudi masomoni na kujifunza tawi moja, ama magonjwa ya ndani, ama watoto, ama upasuaji, ama uzazi na magonjwa ya wanawake, na matawi mengine madogo zaidi. Ndani ya tawi la watoto peke yake yuko wa damu, wa moyo, wa figo, wa lishe, wa watoto wachanga. Aliyetumia miaka ishirini katika selimundu anaujua ugonjwa huo kama anavyoijua njia ya kwake, na bado anakumbuka ya moyo kiasi cha kusikia kwamba kifua cha mtoto wako kina mlio usiokuwa wa kawaida. Ila kupima vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo, kuchagua dawa na kuamua kama upasuaji unahitajika ni kazi ya mwenzake. Ukipeleka gari soko la Kisekka, fundi wa giaboksi akisikia kwamba tatizo ni la umeme hukuonyesha fundi wa umeme, nawe humwiti mjinga. Wa kuogopwa ni yule anayefungua kila kitu.

Sitathubutu kutaja ugonjwa wa mtoto nisiyemwona. Lakini maumivu yanayohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, yakifuatwa na kukosa pumzi, humfanya daktari yeyote wa watoto afikirie homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa na huweza kuziharibu vali za moyo polepole, bila kelele. Hapa ndipo utafiti wa walimu hawa unapomgusa mwanao moja kwa moja. Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo waliwapima wanafunzi kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ambayo wengi huiita eko, wakawapata watoto ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuguswa ingawa wenyewe hawakuhisi chochote. Watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa kwa kura: kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, la pili likafuatiliwa bila sindano. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Kwa hiyo huyo kijana usimpime kwa ndevu zake. Mkirudi kwake, mwulize ni vali ipi, kama mtoto anahitaji sindano na ni kila baada ya wiki ngapi, na eko ya pili itafanywa lini. Majibu yaandikwe katika faili, nawe uwe na nakala. Mtoto akivimba miguu au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msingoje tarehe ya kliniki.

Mheshimiwa Mhariri, mke wangu alilazwa hospitali moja ya mafunzo mwaka jana. Siku ya pili alikuja daktari na karatasi za kutia sahihi ili damu yake itumike katika utafiti wa profesa fulani. Alikataa. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: sisi tunatibiwa au tumefanywa panya wa majaribio? Na hizo tafiti zimemfaa nani, zaidi ya kuwapandisha vyeo hao wakubwa? — Mzee mstaafu, Jinja

Mzee wangu, mkeo alitumia haki yake. Utafiti wowote juu ya watu hapa Uganda lazima upitiwe na kamati ya maadili na uandikishwe katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Karatasi isomwe katika lugha anayoielewa mgonjwa. Na anayekataa, au anayekubali leo akajitoa kesho, hapaswi kupoteza hata kidonge kimoja cha matibabu yake. Karatasi hizo huwa na namba ya simu ya kamati. Ikiwa mkeo alihudumiwa vibaya baada ya kukataa, piga namba hiyo, kwa kuwa hilo ni kosa, wala halihusiani na ukali wa mgonjwa.

Kuhusu nani aliyefaidika, nitaanza na mji wako mwenyewe. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa magonjwa ya ndani Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua la kufanya. Uvimbe wa maambukizi haukai hivyo, na saratani aliyoijua haikai hivyo. Baada ya wiki chache alikuwa Jinja, hospitali ya kwenu, akachungulia dirishani akamwona mama amekaa kwenye nyasi na mtoto mwenye uso uleule. Alitoka nje kumtazama. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni ugonjwa. Akaanza kufukua mafaili ya Mulago, akaandika makala yaliyochapishwa mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 kwa wiki kumi, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali waliyopita kama imeona taya za namna hiyo. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Kutokana na vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Kampala, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Unaweza kuniambia kwamba jina lililobaki juu ya ugonjwa ni la Burkitt, si la yule mama wa kwenye nyasi. Ni kweli, na mimi jambo hilo hunikera. Lakini ugonjwa huo uligunduliwa kuwa unaitikia dawa haraka kuliko saratani nyingi, na mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuwatibu watoto hao, ambacho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Wakati wageni walipoondoka miaka ya utawala wa Amin, Charles Olweny, Mganda, aliichukua taasisi hiyo na kuiendesha.

Pia si kila utafiti uliandikwa na mgeni. Makala ya mwaka 1985 yaliyoueleza ulimwengu juu ya ugonjwa ambao watu wa Rakai na Masaka walikuwa wakiuita "Slim", kwa jinsi ulivyowakondesha watu, jina la kwanza juu yake ni David Serwadda, na pamoja naye wamo Roy Mugerwa na Nelson Sewankambo. Wakati huo ukimwi katika vijiji vyetu ulikuwa ukisingiziwa uchawi wa wachuuzi wa mpakani. Serwadda na Sewankambo baadaye walikuwa miongoni mwa walioanzisha mradi wa Rakai, ambako wanaume 4,996 walishiriki katika jaribio la tohara, na mwaka 2007 ikathibitishwa kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke.

Nitaongeza moja, kwa sababu lina utata na wewe ni mtu wa kutilia shaka. Mwaka 1999 walimu wa Makerere, akiwamo Philippa Musoke wa watoto na Francis Mmiro wa uzazi, pamoja na wenzao wa Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la nevirapini, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto: kidonge kimoja kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja kwa mtoto ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa. Kufikia wiki ya 14 hadi 16, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1, ilhali kwa waliopewa AZT, dawa nyingine ya virusi, kwa muda mfupi walikuwa asilimia 25.1. Baadaye utunzaji wa kumbukumbu za jaribio hilo ulikosolewa vikali huko Marekani, ikabidi jopo la wataalamu wasiohusika likague upya, na mwaka 2005 likasema matokeo ni ya kutegemewa. Leo mama mjamzito mwenye virusi hupewa dawa kamili za maisha, njia iliyo bora zaidi. Lakini katika miaka ile, kile kidonge kimoja ndicho kilichowezekana hata katika zahanati isiyo na umeme.

Binti yangu amemaliza S.6 (kidato cha sita) na alama zake za biolojia na kemia ni nzuri. Anataka udaktari, tena anasema atakuja kuwafundisha madaktari. Mjomba wake anamcheka kwamba atazeekea shuleni. Itamchukua miaka mingapi, na achague fani ipi? — Baba, Arua

Mjomba amezidisha, lakini si sana. Shahada ya kwanza ni miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya uangalizi, na miaka mitatu ya ubingwa. Hiyo ni tisa bila kuhesabu miaka ambayo wengi hufanya kazi katikati ili wapate ada. Akitaka kupanda hadi juu katika chuo atahitaji pia shahada ya uzamivu. Habari njema ni kwamba katika miaka ya ubingwa hakai darasani akiandika tu. Ukiingia wodi ya mafunzo wakati wa raundi utamwona: profesa mbele ya kitanda, kando yake daktari anayesomea ubingwa ameshika faili, nyuma yao wanafunzi wa mwaka wa tatu wakijificha mabegani mwa wenzao ili wasiulizwe. Anayesomea ubingwa ndiye anayeulizwa na wote wawili, wa juu na wa chini, na hapo ndipo ualimu wake unapoanza.

Kuhusu wanawake, asimsikilize anayemwambia kwamba milango imefungwa. Josephine Nambooze, aliyehitimu Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, anatajwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke katika Afrika Mashariki, na alikuja kuwa profesa wa afya ya jamii. Harriet Mayanja-Kizza, bingwa wa magonjwa ya ndani, aliongoza kitivo cha udaktari cha Makerere, na Annettee Nakimuli wa uzazi naye akakiongoza. Nakimuli ni mfano mzuri wa jinsi fani ya hospitalini na ya utafiti zinavyolishana. Katika wodi ya wazazi alikuwa akiwaona akina mama wanaopandwa na shinikizo la damu la ujauzito, lile linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, akauliza kwa nini huyu amepata na yule hakupata. Mwaka 2015 yeye na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba zipo chembe za urithi zinazopatikana kwa Waafrika na kukosekana kwa Wazungu, ambazo humkinga mama. Swali hilo lisingeulizwa ipasavyo na mtu ambaye hajawahi kusimama katika wodi yetu usiku.

Fani achague mwenyewe, baada ya kuzipitia zote katika mwaka wa vitendo. Nitamnong'oneza jambo moja tu. Vijana wengi hukimbilia upasuaji na uzazi, na wachache huenda patholojia, yaani kuchunguza vipande vya mwili chini ya hadubini, au dawa ya usingizi. Turudi kwa Burkitt: yeye aliuona uvimbe na kuuita kwa jina lisilo sahihi. Aliyetambua kwamba ni saratani ya tezi za kinga ni mpatholojia, Greg O'Conor, akifanya kazi Makerere pamoja na J.N.P. Davies, mtu ambaye alianzisha daftari la saratani la Kampala miaka ya 1950. Mpasuaji asiye na mpatholojia anakata gizani.

Mjukuu wangu ana miezi minne na kichwa chake kinakua kupita mwili, macho yanatazama chini. Kila ninayemwuliza anasema Kampala kwa maprofesa, nami sina nauli wala pa kufikia. — Bibi, Busia

Shikamoo, bibi. Usiende Kampala, nenda Mbale, na uende wiki hii. Maelezo yako yanafanana na maji kujaa kichwani, na Mbale ipo hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo katika jambo hili hasa ulimwengu mzima huja kujifunza kwake. Anza na kituo chako cha afya wakupe barua ya rufaa na wampime mzingo wa kichwa, lakini barua ikichelewa usiingoje.

Njia ya zamani ni kuweka mrija chini ya ngozi unaopeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huziba, na ukiziba mtoto anahitaji mpasuaji upesi, jambo gumu kwa familia iliyo mbali na barabara kuu. Benjamin Warf, Mmarekani aliyekuwa mpasuaji wa ubongo hapo Mbale, alianza kutumia kamera nyembamba kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na wakati huohuo kuunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Si kila mtoto anayefaa kwa njia hiyo. Watakwambia baada ya kumpiga picha. Huko pia ndiko ilikoonekana kwamba kwa watoto wetu wengi maji hufuata maambukizi ya wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, kwa hiyo wakikuuliza kama mjukuu aliwahi kuwa na homa au degedege akiwa mchanga, wajibu kwa ukamilifu, hata kama unaona ni mambo yaliyopita.

Wengine wenye matatizo tofauti wakumbuke kwamba Mbarara kuna chuo kikuu chenye udaktari tangu 1989, na Gulu vilevile pana kitivo, ambacho wanafunzi wake hujifunza pia Lacor, hospitali ambako Matthew Lukwiya alifariki Desemba 2000 akiwahudumia wagonjwa wa Ebola.

Nitajuaje kwamba anayejiita bingwa ni bingwa kweli? Na nimwite nani: daktari, profesa au bwana? — Makindye

Kila daktari anayeruhusiwa kutibu lazima awe ameandikishwa katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Baraza hutoa orodha, nawe unaweza kuuliza jina ofisini kwao. Katika kliniki za mitaani leseni hubandikwa ukutani: soma mwaka wake kwanza, halafu jina. Cheti cha kuhudhuria semina si ubingwa, hata kikiwekwa fremu ya dhahabu.

Swali la pili lina mzaha wake, kwa kuwa Waingereza humwita mpasuaji "Bwana" badala ya "Daktari" na huona hiyo ni heshima, wakati sisi huku humwita "musawo" kila aliyevaa koti jeupe, kuanzia mwuguzi hadi mkuu wa kitivo. Mwite musawo, kisha mwulize jina lake kamili na uliandike nyuma ya kadi ya mgonjwa, maana siku ya kurudi utakapoulizwa mapokezi "ulitibiwa na nani", jibu la "musawo mrefu mwenye miwani" litakurudisha mwisho wa foleni.